Mita 36 nyuma ya goli: Tanga tujenge uwanja wa namna gani?

Kila Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wanapowakaribisha Simba au Yanga pale uwanja wetu wa Mkwakwani, na watu wakabanana mpaka nje ya geti, kesho yake kwenye baraza za Ngamiani huzuka swali lilelile: na sisi lini tutapata uwanja kama wa Mkapa? Kazi yangu ni uhandisi wa majengo, na jibu langu huwakera wanywa kahawa. Uwanja tupate, ila usiwe kama wa Mkapa.

Sisemi ule ni mbaya. Ulifunguliwa mwaka 2007 huko Temeke, ubavuni mwa Uwanja wa Uhuru, ambako bendera ya Tanganyika huru ilipandishwa Desemba 1961. Waliojenga ni Wachina, Beijing Construction Engineering Group. Viti ni 60,000, na jina la Rais Benjamin Mkapa ulipewa mwaka 2020 alipofariki. Ulirithi kazi za jirani yake: mpira, riadha, sherehe za kitaifa. Ndiyo maana nyasi zake zimezungukwa na njia za kukimbilia. Nchi ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, isingejenga uwanja wa taifa ikawaacha wanariadha nje. Mantiki ipo. Lakini gharama ya uamuzi ule anaibeba mtazamaji wa mpira, na inapimika kwa futi kamba.

Njia ya riadha ya kawaida ya mita 400 ina sehemu mbili zilizonyooka, kila moja mita 84.39, na ncha mbili za nusu duara zenye nusu kipenyo cha mita 36.5. Jumlisha: eneo la ndani lina urefu wa mita 157 na upana wa mita 73. Weka humo kiwanja cha mpira cha mita 105 kwa 68. Pembeni zinabaki mita mbili na nusu tu, lakini nyuma ya kila goli zinabaki mita 26. Ongeza njia nane za upana wa mita 1.22, yaani karibu mita 10. Mtu aliyekaa mstari wa kwanza nyuma ya goli yuko mita 36 kutoka chaki, yaani mstari wa mpaka wa kiwanja, hata kabla hujamwekea ukuta wala nafasi ya kupita. Goli la upande wa pili liko mita 141 kutoka alipo. Akipanda mstari wa thelathini anazidi mita 160. Penalti ya kule ataijua kwa kelele za wenzake.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalitegemei. Ngazi za jukwaa hupangwa kwa kupima jicho: mstari unaotoka kwenye jicho lako hadi kwenye chaki ya karibu unatakiwa upite juu ya jicho la aliye mbele yako kwa sentimita tisa hivi, ili kichwa chake kisikuzibe. Tuseme jicho la mstari wa kwanza liko mita mbili juu ya nyasi na kila ngazi ina kina cha sentimita 80. Ukimkalisha mtu wa mstari huo mita 8 kutoka kwenye chaki, ngazi inayofuata inahitaji kuinuka sentimita 30. Ukimsogeza mpaka mita 20, sentimita 17 zinatosha. Kwa hiyo jukwaa la mbali hulala chini. Mkandarasi anaokoa zege, na mshabiki anaona mpira kama anayechungulia meli iliyotia nanga mbali na gati.

Jukwaa lenye mwinuko mkali na lililo karibu hurudisha sauti kiwanjani. Mkwakwani, pamoja na uchakavu wake wote, haiko mbali na mchezo. Kipa akimkaripia beki unasikia, na mshika kibendera naye anasikia anachoitwa (masikini). Coastal walipochukua ubingwa wa Bara mwaka 1988 hawakuwa na viti 60,000 nyuma yao. Na Agosti 2023, Simba walipoitoa Yanga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii hapohapo Mkwakwani, hakuna aliyelalamika kwamba hakuona.

Kwa hiyo ningechora viti 20,000, bila njia ya riadha, mstari wa kwanza mita 8 kutoka kwenye chaki. Wanariadha wapewe kiwanja chao chenye jukwaa moja, hawahitaji zaidi. Magoli yatazamane kaskazini na kusini, maana jua la jioni huwa upande wa magharibi mwaka mzima, na mechi nyingi ni za saa kumi jioni. Jukwaa kuu likae magharibi, jua liwe mgongoni.

Pesa itakayookolewa isiishie kwenye paa la mapambo. Upepo wa bahari hubeba chumvi. Chumvi ikipenya kwenye zege inafika kwenye nondo, nondo zinashika kutu, kutu inavimba na zege linamenyuka vipandevipande. Nondo zifunikwe kwa milimita 50 za zege zito, na tusikubali mchanga wa ufukweni ambao haujaoshwa, hata fundi aape. Chini ya nyasi ziwekwe kokoto na mabomba ya kutoa maji, la sivyo masika moja tu inatugeuzia kiwanja kuwa shamba la mpunga.

Fedha zikiwa haba, lianze jukwaa la magharibi na la nyuma ya goli moja, huku misingi ya pande nyingine ikiwa tayari ardhini. Mwenye kadi ya mwanachama apewe kwanza hilo la nyuma ya goli.