Pensheni ya Uingereza haikatwi ukirudi Mombasa, inaganda

Juzi kaja mzee wa Kisauni, kafanya kazi Leicester miaka 31, kaniambia yaleyale ninayoambiwa kila wiki: "Mwanangu, Waingereza wanakata pensheni ukirudi kwenu, ndo mana nimewaachia anwani ya kijana wangu kule." Jamani, nimechoka. Haikatwi! Inaganda, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Kuganda ni hivi, kiwango ulichohama nacho, au ulichoanza nacho ukiwa tayari Kenya, ndo hichohicho mpaka unaingia kaburini. Alieanza kulipwa huku 2016 na ile pensheni mpya kamili alipewa pauni 155.65 kwa wiki, na mpaka leo anapata 155.65, wakati mwenzake aliebaki kule mwaka wa 2025/26 alikuwa anapata 230.25. Angehamia Mauritius ingepanda kila mwaka manake wana mkataba na Uingereza, Kenya haimo. Watu wawili walichangia sawasawa, mmoja anaadhibiwa kwa kupenda kwao. Mimi inaniuma kila nikiieleza.

Sasa hapa ndo watu wanachanganya. Mama aliekuwa nesi NHS, huduma ya afya ya serikali kule Uingereza, anasema "mbona yangu inaongezeka?" Kweli inaongezeka, lakini hiyo ni pensheni ya kazi, ile ya NHS, inapanda popote unapoishi. Ya serikali ndo inaganda. Leta barua zote mbili tuziweke mezani, usichukue habari ya jirani ukaifanya yako.

Na hii ya anwani ya kijana, tafadhali, iacheni. Lazima uwaambie umehama. Wakigundua, kila pauni uliyozidishiwa wanaidai, na mtu wa miaka 78 atazitoa wapi?

Fomu ya uhai nayo, ile ya kuthibitisha kwamba bado u hai. Ile ya yule mzee ilitumwa Leicester, kijana kaileta alipokuja likizo, mzee akaikunja akaitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti za stima, pale shahidi ametia sahihi kijana mwenyewe. Haifai! Shahidi asiwe wa ukoo wako, na fomu isiporudi malipo yanasimamishwa. Chukua sanduku lako mwenyewe la posta, usitegemee la msikiti au la shule, barua inakaa huko miezi.

Wananiuliza, je nirudi kule? Ukirudi kuishi unapewa kiwango cha sasa, na hata ukienda kutembea tu unaweza kudai nyongeza kwa muda uliopo kule. Hapo nasitasita kwa kweli. Kuna alieniuliza nikamwambia abaki na wajukuu, halafu akaanza kuumwa, na tiba ya bure ya NHS huna ukishahama, bado nawaza kama nilimshauri vizuri.

Yule mzee tulimpigia kijana palepale, tukaandika barua ya kubadilisha anwani. Alitia sahihi polepole, mkono ukitetemeka, kisha akaniuliza kama nakala moja aweza kwenda nayo nyumbani.