Wale Nyangumi Hawachezi, Wanagombana

Kila msimu wa kusi video zilezile zinazunguka kwenye simu: nyangumi watano au sita wanakimbizana, maji yanaruka, na mpiga picha anapaza sauti, "Ona wanavyocheza! Wanatusalimia!" Naomba hii iishe. Hao ni madume wanaogombea jike, na salamu hawana.

Nyangumi wenye nundu wanatoka Antaktika kwenye chakula, wanafika pwani yetu kati ya Julai na Oktoba kuzaa na kupandana. Kwa kawaida jike huzaa kila baada ya miaka miwili au mitatu, kwa hiyo walio tayari ni wachache, na madume ni wengi. Ugomvi unaanzia hapo.

Kinachonikera zaidi ni ile kauli kwamba anayetangulia ni dume na wanaofuata ni wake zake. Ni kinyume kabisa. Anayetangulia ni jike, na mara nyingi ndiye mrefu kuliko wote. Anayeshika ubavu wake, nyuma kidogo, ni dume mlinzi. Wanaobaki ni washindani. Mtazame huyo mlinzi: kazi yake ni kuweka mwili wake kati ya jike na wengine. Anapuliza mstari wa mapovu mbele ya mshindani, anavimbisha koo ili aonekane mkubwa, anatoa kichwa nje na kumwangukia mwenzake, anarusha mkia kwa ubavu. Ukiwa na darubini utaona nundu ya mgongoni imechubuka, nyama nyekundu iko wazi. Mchezo gani huo? Na usizoee sura ya mlinzi, maana anaweza kung'olewa wakati wowote.

Wengi humweleza jike kama zawadi inayosubiri mshindi. Mimi nasita. Yeye ndiye anayepanga kasi na njia, na naamini anawapima, ingawa siwezi kuapa. Kupandana kwenyewe hakukuwahi kupigwa picha hadi Januari 2022, karibu na Maui, Hawaii, na picha zilipochunguzwa wote wawili walikuwa madume. Basi mwongoza watalii akikuambia mmewaona wakipandana, mlichoona ni ugomvi.

Sasa manahodha. Njoo kwa ubavuni, nenda sambamba nao kwa kasi yao, mita 100 kwa uchache. Kwa kundi linalogombana mimi nataka 200, kwa sababu linakata kona ghafla. Boti mbili zikae upande mmoja, zisiwabane katikati. Kosa kubwa ni kuwatangulia, kusimama na kuwasubiri. Jike atalazimika kupinda, mshindani atapata mwanya, na dume wa tani 25 aliyekazana na mwenzake haangalii ubao wa boti yako. Wakikugeukia wenyewe, toa gia, acha injini ingurume polepole wajue ulipo, ngoja wapite. Abiria wakae, wakikimbilia wote upande mmoja kwenye mawimbi ya kusi, boti inalala.

Dakika 20 zinatosha. Halafu chungulia ubavuni mwa jike: wakati mwingine kuna mtoto, ana mita nne na kitu, anapumua haraka kuliko mama yake na anahangaika asiachwe nyuma. Ukimwona, geuza boti papo hapo, hata kama abiria wamelipia saa mbili.