Kwa nini wabunifu wa prosesa huipenda namba 2²⁵⁵ − 19

Vijana wanaofika kwenye karakana yetu hapa Chumbageni, Tanga, wakiiona bodi ya FPGA (chipu ambayo mbunifu huipanga upya saketi zake mwenyewe) mezani huuliza kwanza inakwenda megahezi ngapi. Swali ni la haki, ila kwa prosesa ya usimbaji fiche wa mikunjo ya eliptiki jibu lake halielezi mengi. Kasi huamuliwa mapema zaidi, pale mbunifu anapoilinganisha namba tasa ya mkunjo wake na upana wa vizidishi vilivyomo ndani ya chipu.

Usimbaji huu ulipendekezwa mwaka 1985 na Neal Koblitz na Victor Miller, kila mmoja kwa njia yake. Ufunguo wa biti 256 hutoa ulinzi unaokaribia ule wa RSA, njia ya zamani zaidi ya usimbaji, ya biti 3072, na ndiyo maana unavifaa sana vifaa vinavyotegemea betri, kama vipima unyevu wa udongo tunavyoviundia mashamba ya mkonge. Kazi yenyewe ni kuchukua nukta iliyo juu ya mkunjo na kuizidisha kwa namba ya siri, hatua moja kwa kila biti ya siri hiyo. Ndani ya kila hatua mna kuzidisha namba kubwa na kutafuta baki lake kwa namba tasa, na humo ndimo karibu muda wote unamoishia.

Tuutazame mkunjo wa Curve25519, ambao Daniel J. Bernstein aliuchapisha mwaka 2006. Namba yake tasa ni 2²⁵⁵ − 19. Katika FPGA za Xilinx za kizazi cha 7, kila kizidishi hupokea biti 25 upande mmoja na 18 upande wa pili, zote zikiwa na alama ya chanya au hasi. Kwa namba zisizo na alama, hubaki biti 24 na 17. Sasa, 255 ni 15 mara 17. Namba nzima hukatika vipande 15 vya biti 17 bila hata biti moja kubaki, na vizidishi 15 vikifanya kazi sambamba humaliza mazao yote madogo 225 (kila kipande mara kila kipande cha namba ya pili) kwa mapigo 15 ya saa ya chipu. Kinachovuka biti ya 255 hakihitaji kugawanywa: huzidishwa kwa 19 na kurudishwa chini, kwa sababu 2²⁵⁵ ikigawanywa kwa namba hiyo tasa huacha baki 19. Hata kuzidisha huko kwa 19 hakudai kizidishi kingine, maana kipande cha biti 17 kikizidishwa kwa 19 hufika biti 22, na upande mpana unaingiza 24. Jumla ya mazao 15 haizidi biti 43, ilhali kijumlishi kina nafasi ya 48, kwa hiyo kubeba kunaweza kusubiri hadi mwisho. Kwangu mimi huu ni uzuri wa kweli.

Mkunjo wa P-256, mwingine unaotumiwa sana, wenye namba tasa ya biti 256, hauna bahati hiyo kwenye chipu hizi. Namba yake tasa ilichaguliwa kwa kufuata mashine za maneno ya biti 32, na ukiikata kwa biti 17 hubaki biti moja inayodai kipande chake cha 16. Sisemi uachwe, kwa kuwa mifumo mingi huudai. Nasema tu kwamba muundo wake unataka hesabu nyingine.

Tukirudi kwa Curve25519, kwa ngazi ya Montgomery, yaani utaratibu wa kuizidisha nukta kwa hatua zinazofanana kwa kila biti ya siri, kila biti hugharimu kuzidisha mara 10 hivi, moja kati ya hizo ikiwa kwa namba ndogo isiyobadilika. Hatua 255 zinafanya mara 2,550, yaani mapigo 38,250, ambayo kwa megahezi 100 hayafiki milisekunde 0.4 kabla ya kuhesabu muda wa kubeba. Muda huo hufichika iwapo zao moja linabeba huku jingine likizidishwa. Mwishoni hubaki kutafuta kinyume cha namba moja tu, yaani ile ambayo ikizidishwa nayo huacha baki 1, kunakohitaji kuzidisha mara 265 zinazosubiriana moja baada ya nyingine, na hapo hakuna cha kuficha.

Kasi hiyo haina thamani ikiwa inaisema siri. Mwaka 1996 Paul Kocher alionyesha kwamba muda wa hesabu peke yake unaweza kuufichua ufunguo. Ngazi ya Montgomery hufanya kazi ileile biti ikiwa 0 au 1, lakini hatulitegemei hilo kwa maneno tu: ndani ya bodi tumeweka kihesabu mapigo, na tukibadilisha ufunguo kisha hesabu ikatofautiana hata kwa pigo moja, muundo unarudi mezani. Dhidi ya wanaopima umeme unaotumiwa na chipu, tunaanza kwa kuzizidisha koodineti za nukta kwa namba ya kubahatisha, mpya kila mara. Hiyo ni nyongeza ya kuzidisha mara moja au mbili juu ya zile 2,550, na sioni sababu ya mbunifu yeyote kuiacha.