Baada ya fangasi ya ubongo: macho, masikio na kumbukumbu

Matokeo ya AMBITION, utafiti wa matibabu uliofanyika katika nchi kadhaa za Afrika, yalipotoka mwaka 2022, sisi tunaotibu homa ya uti wa mgongo itokanayo na fangasi aina ya kriptokoka tulifurahi kweli. Dozi moja kubwa ya amfoterisini, pamoja na flusaitosini na flukonazoli kwa siku 14 (zote ni dawa za kuua fangasi), iliokoa maisha sawa na sindano za amfoterisini za kila siku kwa wiki nzima. Hata hivyo, karibu robo ya wagonjwa walifariki ndani ya wiki 10. Na waliobaki? Hao ndio ninaokutana nao kliniki, wengi wao wakiishi na VVU.

Wapo waliopoteza uwezo wa kuona. Fangasi hawa huziba njia ambazo maji ya ubongo hunyonywa, presha ikapanda kichwani na kubana mishipa ya fahamu ya macho na masikio. Dawa peke yake haiishushi haraka. Inabidi tutoe maji mgongoni, wakati mwingine kila siku. Hapo ndipo ndugu wengi hukataa: "Akichomwa uti wa mgongo atapooza." Nawaelewa, maana wamewahi kuona mtu akichomwa akiwa tayari mahututi, akafa kesho yake. Lakini sindano huingia chini kiunoni, mahali ambapo uti wenyewe umeshaishia. Kila siku ya kusitasita inaweza kugharimu jicho, na jicho likishapofuka kwa namna hii mara nyingi halirudi.

Kuna ulemavu usioonekana pia. Mgonjwa anasahau alichotumwa, anakasirika upesi, anashindwa hesabu za dukani alizozizoea. Nyumbani wanamwita mvivu. Si uvivu jamani, ni ubongo uliojeruhiwa! Mpeni kazi moja kwa wakati mmoja, mwandikieni saa za dawa. Wengi huendelea kupata nafuu kwa miezi kadhaa.

Flukonazoli haiachwi kwa sababu kichwa kimetulia. Baada ya kutoka wodini ni miligramu 800 kila siku kwa wiki nane, kisha 200 kila siku mpaka kinga ipande, mara nyingi mwaka au zaidi. ARV kwa asiyekuwa akizitumia husubiri wiki nne hadi sita, kwani kuzianza mapema kuliongeza vifo katika utafiti uliofanyika Uganda na Afrika Kusini. Kichwa kikianza kuuma upya, au akaanza kuona vitu viwili viwili, mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, hata kama dawa anameza vizuri.