Je, Wajua Kwa Nini Mwimbaji wa Nyimbo za Kazi Alihitaji Kamera?

Pete Seeger, mwimbaji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1919 na kufariki mwaka 2014, anajulikana kwa banjo yake na kwa ustadi wa kuimbisha umati mzima. Kisichojulikana sana ni kwamba yeye na mkewe, Toshi, walitengeneza pia filamu za hali halisi: wapigaji wa madebe ya chuma wa Trinidad mwaka 1956, wavuvi wa Ghana mwaka 1964, wafungwa wa Texas mwaka 1966. Kwa nini mtu mwenye sauti nzuri na kinasa sauti ahangaike na kamera?

Jibu la haraka husema kwamba filamu ilikuwa pambo la muziki, au kwamba Seeger aliikimbilia kamera baada ya milango mingine kufungwa. Hili la pili lina chembe ya ukweli. Mwaka 1955 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge la Marekani iliyowasaka wakomunisti, akakataa kujibu maswali kuhusu siasa zake, na kwa miaka mingi vituo vikubwa vya televisheni havikumkaribisha. Hata hivyo, kufungiwa kunaweza kueleza nafasi aliyoipata, lakini hakuelezi alichochagua kukipiga picha. Mtu anayetafuta njia ya kujitangaza hajipeleki gerezani kuwarekodi watu wengine wakikata miti na kuimba wimbo usio wake.

Kosa lenyewe limejificha chini zaidi, nalo ni dhana kwamba wimbo wa kazi ni kiburudisho, kitu cha kuwasahaulisha watu uchovu. Hata hapa Lamu, ambako majahazi na vyombo vingine hupandishwa nchi kavu ili vipakwe deheni, yaani mafuta ya kukinga mbao, dhana hiyo husemwa kana kwamba haina mjadala. Chombo kilicholala mchangani huhitaji nguvu kubwa zaidi ya kukitikisa kutoka pale kilipokwama kuliko ya kukiendeleza kikishaanza kusogea. Watu ishirini wakivuta kamba, kila mmoja kwa wakati wake, nguvu zao hazikutani, na chombo hubaki palepale huku viganja vikichubuka. Kiongozi anapotoa mstari, wavutaji huishika kamba upya, hupanga miguu na kuvuta pumzi. Wanapoitikia, wote huvuta katika silabi ileile. Wimbo ukiondolewa, itabidi mtu asimame ahesabu kwa sauti, maana kazi hiyo haifanyiki bila kipimo cha wakati. Kwamba wimbo huchangamsha ni kweli pia, lakini hiyo ni faida ya ziada.

Huko Texas kipimo hicho kilikuwa suala la usalama. Wanaume kadhaa walilizunguka shina moja, kila mmoja na shoka lake, na aliyepiga nje ya zamu angeweza kumjeruhi mwenzake. Wimbo ndio uliogawa zamu. Bruce Jackson, mtafiti aliyeshirikiana na akina Seeger katika filamu hiyo, ameeleza pia kwamba mwendo wa pamoja ulimkinga mnyonge, kwa kuwa msimamizi hakuweza kumtambua kwa urahisi aliyechelewa.

Kinasa sauti hupata nini katika kazi kama hiyo? Hupata kile anachopata mtu anayesikiliza bao kutoka upande wa pili wa ukuta. Husikia kete zikidondoka moja moja, husikia mchezaji akitua kisha akianza tena, na akiwa mjuzi atakisia kwamba mmoja amekula kete za mwenzake. Lakini hajui zilitoka shimo gani wala zimelala wapi, na mchezo wote uko katika hayo. Vivyo hivyo, kanda ya sauti hutoa mshindo wa shoka na mstari wa wimbo, bila kueleza shoka lilikuwa la nani, wala lilianza kupanda katika silabi ipi. Kimya kilichopo kati ya mistari, ambacho msikilizaji hukidhani ni pengo, ndicho kipindi ambacho mashoka yako juu.

Kamera nayo ina ukaidi wake. Anayemtazama kwa mbali fundi wa vyombo wa Matondoni, kijiji cha kisiwa cha Lamu, akipigilia msumari huona nyundo imeshatua kabla mlio haujamfikia, kwa kuwa sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Katika umbali wa mita 100 ucheleweshaji huo hukaribia sekunde 0.3, yaani picha saba za filamu inayokwenda kwa picha 24 kwa sekunde, na katika wimbo wenye mwendo wa kasi hizo saba zinatosha kulihamisha pigo kutoka silabi moja hadi nyingine. Ndiyo maana maikrofoni husogezwa karibu na kazi hata kamera ikibaki mbali. Simu za leo hulinganisha picha na sauti zenyewe, lakini hazifuti umbali: anayerekodi goma la Maulidi, ngoma inayochezwa kwa bakora, kutoka mwisho wa uwanja atapata bakora zinazoitangulia ngoma kidogo.

Tena, mkanda wa milimita 16 wenye urefu wa futi 100 huisha kwa muda usiofika dakika tatu, ilhali wimbo wa kukata mti hauna haja ya kwisha mpaka mti uanguke. Hapo uimbaji hugeuka kuwa ujuzi wa filamu, kwa sababu anayeujua muundo wa wimbo huhisi kiongozi anapokaribia kubadili mstari, na huiwasha kamera kabla badiliko halijatokea.

Hili halimaanishi kwamba kamera huonyesha kazi kama ilivyo siku isiyo na wageni. Wafungwa wale walijua kwamba wanapigwa picha, na desturi yao ilikuwa tayari inafifia. Filamu hiyo ni ushahidi mzuri wa namna wimbo ulivyoyaendesha mashoka, na ushahidi mwembamba wa maisha ya kila siku gerezani. Wala kumbukumbu za aina hii hazikuanza na kamera: Ahmed Sheikh Nabhany wa Lamu aliueleza ujenzi wa chombo katika shairi refu lililochapishwa Leiden, Uholanzi, mwaka 1979.

Seeger hakuwa peke yake. John Cohen, mmoja wa waanzilishi wa kundi la New Lost City Ramblers mwaka 1958, alitengeneza filamu kuhusu wanamuziki wa milima ya Kentucky na baadaye Peru. Ajabu ni kwamba kazi yake iliyofika mbali kuliko zote ni sauti tupu: wimbo wa harusi aliourekodi Peru, sekunde 38 tu, uliwekwa katika sahani ya sauti iliyopakwa dhahabu, iliyobebwa na vyombo vya anga vya Voyager vilivyorushwa mwaka 1977.

Lipo pia jambo ambalo wasifu wa mwimbaji hulipita upesi. Mwenye banjo mikononi hawezi kushika kamera kwa wakati uleule, na sehemu kubwa ya kazi ya filamu hizo ilifanywa na Toshi. Maktaba ya Bunge la Marekani, inakohifadhiwa mikanda hiyo, imeiorodhesha kwa majina ya wote wawili.