Aliyekatwa msimu wa 4, pengo likaonekana msimu wa 8

Tangu Game of Thrones, tamthilia ya kituo cha televisheni cha HBO, ilipoisha Mei 2019, ubishi wake haujapoa. Upande mmoja wapo waliosoma riwaya za George R. R. Martin kabla HBO haijazigusa. Upande wa pili wapo waliokutana na Westeros, bara la kubuni la hadithi hiyo, kwenye skrini. Wa kwanza husema kitabu kimeharibiwa. Wa pili hujibu kuwa kitabu ni kitabu na tamthilia ni tamthilia, asiyetaka akasome. Mimi ni mhariri wa miswada ya tamthilia, kwa hiyo watu wakishalijua hilo, hata tukiwa msibani, naombwa nihukumu. Hukumu yangu huwaudhi wote. Kubishana kama waandishi walifuata kitabu au hawakukifuata hakutufikishi popote, maana hakuna anayekifuata. La kuuliza ni hili: walipomwondoa mtu, kazi aliyokuwa akiifanya walimpa nani?

Nitataja vifo na miisho bila huruma, kwa hiyo ambaye hajamaliza sizoni zake aishie hapa.

Riwaya ya kwanza, iliyotoka 1996, inasimuliwa kutoka vichwani mwa watu wanane, kila sura na mtu wake, ukiacha dibaji. Msomaji anajua kile tu mwenye sura anachokiona, anachokikumbuka na anachojidanganya nacho. Sasa kamera itaingiaje kichwani mwa mtu? Tuliokulia kwenye vibanda umiza tulikuwa na dawa ya hilo: steringi akinyamaza, mtafsiri anashika maiki na kukwambia anachowaza, na akiwa hajui anabuni. HBO hawakuweka msimulizi. Kila wazo ilibidi ligeuzwe kuwa maneno au tendo, la sivyo lipotee.

Mahali pengine mabadiliko hayo yalizaa mambo mazuri kuliko kitabu, na wasomaji wakaidi hawapendi kulikubali hili. Katika sehemu ya 5 ya msimu wa 1, Mfalme Robert na Malkia Cersei wanakaa na mvinyo na kuongea kuhusu ndoa yao iliyokufa zamani. Riwaya haina maongezi hayo, kwa sababu Robert hana sura hata moja, na Cersei hapewi sura zake mpaka kitabu cha nne. Waandishi David Benioff na D. B. Weiss wameshaeleza kwamba sehemu kadhaa za msimu ule zilitoka fupi, ikabidi waongeze maongezi. Kutokana na upungufu wa dakika tukapata dakika chache zinazomfanya Cersei kuwa mtu mapema kabisa. Msimu wa 2 nao ukamweka Arya Stark, msichana anayejificha, akimhudumia Tywin Lannister, baba yake Cersei, katika ngome ya Harrenhal, wakati kitabuni anamhudumia bwana mwingine, Roose Bolton. Sijakutana na msomaji aliyelilalamikia hilo kwa dhati.

Mezani kwetu kuna swali tunalomwuliza kila mhusika: huyu anafanya kazi gani? Jibu la "anapendwa" halitoshi, na la "yumo kitabuni" ndiyo kabisa. Kazi maana yake ni kwamba kuna mwingine anayebadilika kwa sababu yake, au anayepata sababu ya kutenda jambo ambalo vinginevyo asingelitenda. Mchukue mke wa Robb Stark, kaka yake Arya. Kitabuni ni Jeyne Westerling, binti wa ukoo mdogo ambaye Robb anamwoa ili kumlindia heshima yake. Kwenye tamthilia ni Talisa, mganga kutoka Volantis, na ndoa ni ya mapenzi. Jina limebadilika, asili imebadilika, hata sababu ya ndoa imebadilika. Lakini kazi, yaani kumfanya Robb avunje ahadi ya kuoa kwa akina Frey, imefanyika. Ndiyo maana ile harusi ya damu ya Juni 2013, akina Frey walipomwua Robb, iliwauma hata ambao hawakuwahi kufungua kitabu.

Tysha hakupata mrithi kama huyo.

Tyrion Lannister, akiwa na miaka 13, alimwoa msichana aitwaye Tysha. Baba yake, Tywin, akavunja ndoa hiyo kwa ukatili: akamwamuru Jaime, kaka yake Tyrion, amwambie mdogo wake kuwa yule alikuwa kahaba wa kulipwa, kisha akawaachia walinzi wamnajisi mbele ya mumewe, kila mmoja akimwachia sarafu ya fedha. Tyrion alilazimishwa kuwa wa mwisho, yake ikiwa ya dhahabu. Tamthilia ilisimulia kisa hiki vizuri, hemani, katika sehemu ya 9 ya msimu wa 1. Ambacho haikusimulia ni nusu ya pili. Katika kitabu cha tatu, Jaime anapomtorosha Tyrion gerezani, anamwambia ukweli: Tysha hakuwa kahaba, alikuwa binti wa mkulima aliyempenda tu. Ndugu wale wanaachana kwa chuki. Tyrion anamchoma Jaime kwa maneno kuhusu wanaume wengine wa Cersei, ambaye ni pacha wa Jaime na pia mpenzi wake wa siri, halafu anapanda kwenda kwa baba yake na swali moja: Tysha alikwenda wapi? Jibu la dharau analopewa ndilo linalomfanya afyatue upinde na kumwua.

Msimu wa 4 ulipofika hapo, ndugu wakakumbatiana, wakaagana kwa upendo, na Tyrion akapanda ngazi. Kwa nini amepanda? Mtazamaji makini alijiuliza, akapuuza, maana Peter Dinklage (Tyrion) na Charles Dance (Tywin) waliigiza vizuri mno kiasi cha kuziba ufa.

Hesabu kilichoondoka na Tysha. Kwanza, sababu ya Tyrion kwenda chumbani kwa baba yake. Pili, giza la Tyrion: kitabuni anavuka bahari akiwa mlevi, mwenye chuki, akimwuliza kila mtu swali lilelile, kwenye skrini akawa mshauri mwema mwenye utani, na kadiri misimu ilivyokwenda akakosa cha kufanya zaidi ya kutoa ushauri mbaya. Tatu, na hili ndilo kubwa, ufa kati ya Jaime na Cersei. Maneno ya Tyrion yanamtafuna Jaime kitabu kizima cha nne, mpaka barua ya Cersei ya kuomba msaada inapomfikia, anaamuru itupwe motoni. Jaime wa tamthilia hakulishwa sumu hiyo. Alipomwacha Cersei mwishoni mwa msimu wa 7, alimwacha kwa sababu ya vita dhidi ya jeshi la wafu, na vita ilipokwisha hakukuwa na kitu ndani yake cha kumzuia asirudi. Akarudi, akafa naye chini ya matofali. Watazamaji walipiga kelele kwamba safari yote ya Jaime imetupwa. Mimi nadhani msimu wa 8 ulikuwa mwaminifu kwa Jaime yule uliokuwa naye. Kosa ni la 2014, msimu wa 4.

Na Daenerys, malkia mwenye majoka anayekidai kiti cha enzi, je? Mji mkuu wa King's Landing unasalimu amri, kengele zinalia, naye anauchoma. Siwezi kusema Martin atafika huko kwa njia ipi. Kitabu cha tano kilitoka 2011 na cha sita bado. Lakini tazama sura ya mwisho ya Daenerys katika kitabu hicho. Yuko peke yake kwenye mbuga za Wadothraki, watu wa kuhamahama wapanda farasi, mgonjwa, ana njaa, na kichwani anahojiana na sauti za watu wasiokuwepo. Anahitimisha kuwa amejisahau kwa kupanda amani, na kwamba majoka hayapandi miti. Anayarudia maneno ya ukoo wake, moto na damu. Msomaji ameona hapo mlango ukifunguka. Tukio hilohilo mwishoni mwa msimu wa 5 linamwonyesha akizungukwa na wapanda farasi na kudondosha pete nyasini. Ni picha nzuri, ila haina wazo hata moja la ndani. (Lugha ya Wadothraki, aliyoiunda David J. Peterson kwa ajili ya tamthilia, ilichota kidogo kutoka lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo. Huwa nalitaja kila nikipata nafasi.) Ongeza kwamba kitabuni kuna kijana anayeitwa Aegon, mdai mwingine wa kiti, ambaye ameshatua Westeros na jeshi. Tamthilia haikumleta. Mpinzani pekee wa damu ya ukoo wake aliyebaki kwa Daenerys akawa Jon Snow, mtu asiyekitaka kiti hata kwa bure.

Siwalaumu waandishi kwa kukata. Misimu 6 ya kwanza ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja, wa 7 ukawa na 7, wa 8 ukawa na 6, na mambo ya kumalizia hayakupungua kwa kiwango hicho. Lady Stoneheart, mhusika wa kitabuni, wangeweza kumwacha bila hasara kubwa, nami ningemwacha. Arianne Martell, mwingine wa kitabuni, pia, kwa shingo upande. Lakini mtu ukimkata, andika pembeni ya mswada alikuwa amembebea nani mzigo gani, na ufikishe.

Ubishi huu umehamia House of the Dragon, tamthilia nyingine ya HBO kuhusu mababu wa Daenerys, na safari hii mwenye kitabu mwenyewe alijitokeza. Septemba 2024 Martin aliandika kwenye blogu yake kuhusu mtoto anayeitwa Maelor, kisha andiko likaondolewa muda mfupi baadaye. Katika Fire & Blood, kitabu cha 2018 ambacho tamthilia hiyo inakifuata, wauaji wanamlazimisha Malkia Helaena achague ni yupi kati ya wanawe wawili afe. Anamtaja mdogo, Maelor; wao wanamwua mkubwa. Tangu hapo hawezi kumtazama usoni mtoto aliyemtoa. Tamthilia haina Maelor: Helaena anaulizwa yupi kati ya mapacha ndiye mvulana, anaonyesha, basi. Kwa maelezo ya Martin, sababu zilikuwa za kiutendaji, gharama pamoja na taabu ya kumwigizisha mtoto wa miaka miwili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa lokesheni na mtoto wa umri huo atawaelewa.

Hata hivyo, kitabuni Maelor anafia katika mji wa Bitterbridge mikononi mwa umati, habari zinamfikia mama yake, Helaena anajirusha dirishani, na kifo chake kinauamsha mji mpaka watu wanavamia banda la majoka. Hayo yote yanatokana na mtoto ambaye kwenye skrini hakuzaliwa. Msimu wa 2 uliisha Agosti 2024 Helaena akiwa hai. Wakitaka kumfikisha kwenye dirisha lile, Ryan Condal, mwandishi mkuu wa tamthilia hiyo, na wenzake itabidi wamtafutie sababu mpya, na sababu hiyo ilihitaji kuanza kupandwa mapema.