Je, wajua kwa nini vijana hunyamaza kwenye kipindi cha lugha?

Mwalimu akiuliza swali kwa lugha ya kigeni mbele ya watoto wa miaka 8, mikono huanza kunyanyuka kabla hajalimaliza, na baadhi ya wanaonyanyua hata jibu hawana. Aulize swali hilohilo mbele ya wenye miaka 14: ghafla kila mmoja ana jambo la kutafuta kwenye daftari. Je, ni uvivu? Au lugha huanza kuwa ngumu umri unapopanda?

Umri hauna kosa. Mwaka 1978 watafiti Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wazungumzaji wa Kiingereza waliokuwa wakijifunza Kiholanzi nchini Uholanzi, kuanzia watoto wadogo hadi watu wazima. Vijana wa miaka 12 hadi 15 walikuwa miongoni mwa waliokwenda kasi zaidi miezi ya mwanzo, na mwaka ulipoisha bado walikuwa mbele. Walioburuta mkia katika majaribio yote ni watoto wa miaka 3 hadi 5, haohao tunaoambiwa kila siku kwamba hunasa lugha bila jasho.

Kinachobadilika ni namna kijana anavyohisi macho ya wenzake. Mwanasaikolojia David Elkind aliandika mwaka 1967 kwamba kijana huishi kana kwamba kuna hadhira inayomtazama muda wote, hata pale ambapo kila mtu ana lake. Sasa mweke kijana huyo kwenye kipindi cha lugha. Akikosea hesabu, kilichokosewa ni namba ubaoni. Kwenye lugha kinachosikika ni sauti yake mwenyewe, na pengine sauti hiyo imeanza kukwaruza kwa sababu ya balehe. Tena, kwa lugha yake ya kila siku anajua kutania, kubisha na kumjibu mkubwa kwa ujanja. Hapa anaambiwa aseme kalamu iko juu ya meza. Ni kushushwa cheo hadharani. Hata matamshi mazuri yana hatari yake: anayetamka vizuri mno huonekana ana maringo, kwa hiyo wapo wanaojua kabisa kutamka sawasawa lakini huharibu makusudi. Hofu hii ya kusema lugha ya kigeni darasani haiwapati vijana peke yao, na mwaka 1986 mtafiti Elaine Horwitz na wenzake walitunga hojaji maalumu ya kuipima, yenye vipengele 33.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mwalimu ni kupunguza masikio yanayomsikiliza kijana. Utaratibu aliouweka mwanaelimu Frank Lyman mwaka 1981 bado unafaa: fikiri peke yako, jadiliana na jirani yako, kisha ndipo useme mbele ya darasa. Likifika hatua ya tatu, jibu limeshajaribiwa, na likiwa na kasoro, aibu ni ya wawili. Jambo lingine ni subira. Mary Budd Rowe, aliyechunguza vipindi vya sayansi, alikuta walimu wakiuliza swali na kusubiri takribani sekunde 1 tu kabla ya kulirudia au kumgeukia mwingine. Waliporefusha hadi sekunde 3, majibu yakawa marefu zaidi, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kuchangia. Mwanafunzi anayetafuta msamiati wa kigeni anahitaji muda zaidi ya huo.

Masikio yakishapungua, lazima kuwe na la kusema, na nadhani hapa ndipo vipindi vingi hufia. “Kalamu iko wapi?” ni swali la ajabu ikiwa kalamu inaonekana na kila mtu. Afadhali mwanafunzi mmoja apewe ramani yenye nusu ya njia, mwenzake apewe nusu iliyobaki, wasioneshane, na wafike mwisho kwa kuulizana tu. Au wapewe kisa cha wizi na washukiwa watatu, na kila kundi litetee wake. Wakianza kubishana kwa sentensi mbovu lakini kwa moyo wote, kalamu nyekundu ya mwalimu ipumzike kidogo. Kijana akisema kitenzi vibaya, mwalimu anaweza kumjibu hoja yake huku akitumia kitenzi hicho kwa usahihi, mazungumzo yasikatike.

Zawadi nazo? Taratibu. Mwanasaikolojia Edward Deci alionesha mwaka 1971 kwamba wanafunzi wa chuo waliolipwa kutatua mafumbo walipunguza hamu ya kuyashughulikia malipo yalipokoma. Kinachodumu zaidi ni uhuru wa kuchagua: mada ipi, wimbo upi, nani wa kumhoji. Na mwalimu asijifanye kijana kwa kulazimisha misimu yao. Wataicheka wiki nzima.

Atabaki yule ambaye, hata baada ya haya yote, hafungui mdomo. Huyo asiitwe jina ghafla. Mwache ajirekodi kwa simu akiwa peke yake, afute na kurudia mara anazotaka, kisha amtumie mwalimu ile anayoiona nzuri. Mwalimu naye amjibu kwa sauti, akizungumzia alichosema kijana kabla ya kugusa sarufi yake.